Kobe Wanne Niliowaachia Bofu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vitu vitatu: kofia iliyonizidi kichwa, daftari jipya, na mkasi wa kucha. Kofia na daftari nilivielewa. Mkasi nikaugeuzageuza mkononi, kisha nikamwuliza Mkaguzi Mkuu wa bandari ya Kipevu, kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani, kama kucha zangu zimemkera.

"Si wa kucha zako, binti," akasema. "Ni wa alama. Kila mnyama atakayepita mkononi mwako utamtia alama yako, ili siku ya kuulizwa ujibu wewe, si mwenzako."

Kazi yetu ilikuwa ukaguzi wa wanyama. Watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa nikihesabu ndovu mbugani. La. Riziki yangu ilitoka kwa wanyama walioingia nchini ndani ya makasha, mikoba na viatu, na mara moja ndani ya birika la kahawa. Hao ni wanyama wa kufugwa kwa pambo: mijusi ya rangi, kasuku, nyoka wasio na sumu, kobe wadogo wa kutia kwenye glasi. Mwenye kibali hupita, asiye nacho mnyama wake hukamatwa, na aliyekamatwa huenda karantini, yaani hutengwa mahali pake hadi ijulikane ana ugonjwa gani na arudishwe wapi.

Alama alizozitaja Mkaguzi Mkuu zilitofautiana. Ndege hutiwa pete mguuni. Kobe hukatwa pengo. Ukingo wa gamba lake umezungukwa na vigae vidogo vidogo, na akiwa mchanga vigae hivyo huwa laini kama ukucha wa mtoto, mkasi hupita bila kumuumiza. Pengo likishakatwa halizibiki, kobe hukua nalo. Kila mkaguzi alikuwa na kigae chake. Mimi nilipewa cha tatu, upande wa kushoto, mapengo mawili, na nilitembea nayo moyoni kama mtu aliyekabidhiwa muhuri wa serikali.

Siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri, tuliitwa kwenye kasha la vitu vya kuchezea watoto. Wachukuzi walikuwa wameufungua mlango, wakaufunga, wakakimbia. Dereva mmoja wa lori alikuwa juu ya paa la lori lake na alikataa kushuka hata alipoombwa na afisa wa forodha. Ndani mlikuwa na kenge wa kijani wa nchi za mbali, urefu wa mkono wangu mzima, amekaa juu ya midoli anatutazama kana kwamba sisi ndio tuliochelewa.

"Mshike nyuma ya kichwa na kiunoni," akasema Mkaguzi Mkuu.

"Kenge ana kiuno, Bwana?"

"Akikupiga mkia utakijua."

Nikamshika. Akanipiga mkia, na kiuno nikakijua. Jioni nilifika nyumbani Bofu, kule Likoni, na mstari mwekundu shavuni, mama akaniuliza ni mwanamume gani, na nilipomjibu kwamba ni kenge akasema wote ni hao hao.

Kabla sijaendelea, niwaambie ila yangu, maana bila hiyo kisa hiki hakielezeki. Baba yangu alikuwa Mdigo wa Likoni, mama yangu wa Mvita kindakindaki, na nyumbani kwetu mtoto akikosea Kiswahili hakupewa chakula mpaka aseme tena. Nilikua nikidhani lugha hii tumeachiwa sisi tuilinde. Nilisahihisha redio. Nilisahihisha maharusi. Niliwahi kumsahihisha mtu aliyekuwa akinitukana, akarudia tusi lake vizuri, tukaagana. Watu wa bara ndio walionitoa jasho zaidi, kwa sababu kwao mnyama ni kitu. Sisi husema kobe huyu, kobe hawa. Wao husema hii kobe, hizi kobe. Nikisikia hivyo meno yanauma.

Kituo changu cha pili kilikuwa Airport, kule Changamwe, na aliyenisimamia ni Msimamizi wa Zamu, mtu wa bara, mwenye maneno machache na yote mabaya kwa mizani ya mama yangu. "Hiyo kasuku iko wapi?" "Hizo nyoka zimekula?" Nilimsahihisha wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaniambia, "Bi Mejumaa, mimi nilikuja kulinda nchi, sikuja darasani." Basi nikawa namsahihisha kimoyomoyo. Akisema neno, mimi nalinyoosha kichwani, ndipo nalitii. Ilikuwa kama kuwa na mkalimani ndani, na mkalimani huyo alikuwa na kiburi.

Siku moja alasiri alishuka abiria mmoja, bwana wa heshima, na mkononi ana kopo la chakula lililotobolewa matundu. Ndani mlikuwa na kobe wanne, kila mmoja hajazidi sarafu kwa ukubwa, wa kijani, na kila upande wa kichwa ana mstari mwekundu mbichi. Alimnunulia mjukuu wake. Kibali hana. Bwana yule hakubisha. Alinikabidhi kopo, akawapungia mkono kobe, akaenda zake.

Nikawakata mapengo yangu, wote wanne, kigae cha tatu kushoto. Kisha nikawangoja watu wa karantini waje wawachukue. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Kobe walikuwa wakinyoosha shingo na kunitazama, na mimi, nasema kweli, nilianza kuwapenda. Nikampigia simu Msimamizi wa Zamu.

"Bwana, nina kobe wanne hapa, na watu wa karantini hawajafika. Niwafanyeje?"

"Waachie," akasema. "Wewe enda nyumbani."

"Niwaachie?"

"Waachie! Unataka niimbe?" Akakata simu.

Hapo mkalimani wangu akaingia kazini. Alitaka kusema *waachilie*, nikajiambia. Mtu wa bara hajui tofauti ya kuachia na kuachilia. Ameamuru kobe waachiliwe huru. Nikamnyooshea maneno yake, nikaandika kwenye kitabu cha ofisi, "Kobe wanne, wameachiwa, kwa amri," nikiyaacha maneno yake kama alivyoyasema ili lawama ya sarufi iwe yake. Nikatia kopo kwenye mkoba, nikavuka kivuko, nikafika Bofu kabla ya magharibi.

Nyuma ya nyumba za kwetu lipo bwawa la machimbo ya zamani, mawe yalichimbwa hapo hadi likabaki shimo, mvua zikalijaza. Kina mama humwagilia mchicha kwa maji yake. Humo walikuwamo vyura wengi kuliko watu wa Likoni, na kobe wa matope, wenyeji wetu, wa rangi ya udongo, wenye haya, ambao ukipita humezwa na maji usijue kama uliwaona. Nikasema bismillahi nikawatia wageni wangu wanne. Niliona nimepata thawabu nne kwa siku moja. Nilirudi nyumbani nikala wali kwa furaha.

Pale karantini, nilisikia wiki hiyo, kulikuwa na msukosuko. Walikuwa wakitafuta kitu makabatini, chini ya meza, hata ndani ya jokofu la chai. Sikuuliza wanatafuta nini. Halikunihusu.

Miaka ikaenda. Nilipelekwa Kisauni, chini ya Daktari wa Wanyama, mwanamume mwembamba aliyeogopa kuku. Huko nilishughulika na kasuku. Mtu hununua kasuku, humfunza maneno, akichoka na kelele humfungulia dirisha na kujiona mwungwana. Mtaa mmoja ulikuwa na kasuku wa namna hiyo aliyejua neno moja tu: "Hodi!" Alikaa juu ya mabati akibisha hodi nyumba hadi nyumba. Watu waliitikia karibu mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe mtaa mzima ukaacha kuitikia hodi, wageni wa kweli wakawa wanasimama juani nusu saa, na posa moja nusura ivunjike kwa sababu washenga walidhani wamedharauliwa. Nilimnasa siku ya tisa, kwa embe. Nilipomtia tunduni alisema hodi, na Daktari, kwa mazoea, akasema karibu.

Nilikuwa nikiwahutubia watu wa Kisauni kuhusu jambo hili kwa ukali. Mnyama wa mbali, niliwaambia, akiachwa porini petu haombi kuishi nasi, anachukua. Wataalamu huita spishi vamizi. Hana adui anayemjua, anakula chakula cha mwenyeji, anakaa mahali pa mwenyeji, anazaa kuliko mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mgeni huyu mwenyeji haponi. Nilisema haya kwa miaka, kidole juu, na wala sikuwahi kukumbuka kopo la chakula. Kichwani mwangu wale wanne waliachiliwa kwa amri, na kitu cha amri hakina dhambi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Likoni, nyumbani. Mkuu wa Kituo alikuwa mwanamke wa bara, umri wa binti yangu Saumu, msomi, mwepesi wa miguu, na mwenye Kiswahili ambacho, nilipokisikia mara ya kwanza, nilikaa chini. Lakini kazi aliijua. Ilibaki miezi mitano nistaafu, kina mama wa Bofu walipokuja ofisini kulalamika. Mbu wamezidi, walisema, na vyura wamenyamaza.

Tukaenda bwawani, Mkuu na mimi. Sikuwa nimefika ukingoni mwake miaka mingi, maana mimi kwetu nilipita kwa barabara ya mbele. Kila jiwe lililochomoza majini lilikuwa limepandwa na kobe. Wakubwa kama sahani, wamepangana, wanaota jua, na kila mmoja ana mstari mwekundu ubavuni mwa kichwa. Kina mama waliwaita kobe bi harusi. Waliwapenda. Waliwarushia maandazi. Kobe wa matope hatukuona hata mmoja juu ya jiwe. Mahali pao pa jua palikuwa pameketiwa. Na viluwiluwi, ambao wangekuwa vyura, mabi harusi waliwala kabla hawajaota miguu.

Mkuu aliingia maji ya magoti, akamkamata mmoja mkubwa, jike, akamleta ukingoni. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa gamba.

"Bi Mejumaa, ona hii kobe. Imekatwa hapa. Mara mbili."

Nikatazama. Kigae cha tatu, upande wa kushoto.

Wallahi! Yale mapengo niliyakata mimi, kwa mkasi wa Kipevu, na yalikuwa yamekua pamoja naye hadi kidole cha mtu kinaingia. Siku hizi wakaguzi hawakati mapengo, hutia kidude kidogo chini ya ngozi kinachosomwa kwa mashine. Wenzangu wote wa zamani walikuwa wamestaafu au wamefariki. Katika ofisi ile nilikuwa mtu wa pekee anayeweza kulisoma gamba lile, na lilikuwa limeandikwa jina langu.

"Ni alama ya muuzaji," Mkuu akasema. "Nani anauza viumbe vya maji hapa?"

Aliyeuza viumbe vya maji hapo alikuwa mmoja tu: Kazungu, baba yake Dama, Mgiriama wa Kaloleni aliyekuwa mchukuzi wa Kipevu mpaka mgongo ukamkataa, akaanza kibanda cha samaki wa mapambo hatua mia kutoka bwawani. Jirani yangu wa miaka ishirini. Samaki wake walikuwa na kibali, cheti amekitundika ukutani kando ya picha ya kanisa. Siku ya pili kibanda kikatiwa kufuli, naye akapewa barua kwamba atashtakiwa kwa kuingiza kobe bila kibali na kuwatupa bwawani. Akipatikana na hatia, biashara imekwisha, na kwa mgongo ule hakuna kazi nyingine ya kumpokea.

Akaja kwangu jioni, akakaa barazani.

"Bi Mejumaa, we wanijua. Miye nauza samaki. Kobe n'mtoe wapi? Watu wameanza kuniita Baba Kobe. Mama wa maandazi hanijibu salamu. We u ndani ya ofisi, hebu nisemee."

Nikamjibu, "Subira, Baba Dama. Haki haipotei."

Ndiyo, nilimjibu hivyo. Nikamtilia chai, nikaongeza sukari.

Nilinyamaza wiki tatu. Nisiipambe: niliogopa. Miaka zaidi ya thelathini bila doa, miezi mitano ibaki, kisha nionekane mimi, mhubiri wa Kisauni, ndiye mtupaji mkuu wa Likoni. Nilijitetea kwa amri. Usiku na mchana nilikuwa nikiirudia simu ile. Waachie. Waachie. Ndipo, siku ya nane au ya tisa, nikiwa nachambua mchicha, jambo likanipiga nikaangusha kisu.

Msimamizi wa Zamu hakuwahi, katika maisha yake yote, kumwita mnyama *huyu*. Kwake kasuku ni hiyo, nyoka ni hizo, kobe ni hizo. Angetaka niwaachilie kobe, angesema *ziachie*. Alisema *waachie*. *Wa* kwake ilikuwa ya watu tu. Mtu yule aliniambia, kwa Kiswahili kisicho na kosa hata chembe, kwamba kobe niwaachie watu wa karantini, wao watakuja, mimi niende nyumbani. Siku hiyo moja aliposema sawasawa, mimi nikamsahihisha.

Na mle ofisini, Mkuu, asiyejua kitu, alikuwa amenipa ufunguo wa kibanda cha Kazungu ili niwalishe samaki wasife kabla ya kesi. Nikawalisha. Dhamiri ilinisukuma nikawalisha asubuhi, adhuhuri na jioni. Sikujua kwamba samaki wa glasi hufa kwa shibe upesi kuliko kwa njaa. Wiki ya tatu nilikuta saba wanaelea, wale wa mikia mirefu, na nikakaa juu ya ndoo nikalia. Niliwalilia samaki, lakini si samaki tu.

Jioni hiyo nikaandika barua. Niliiandika kama nilivyofunzwa: "Kwa unyenyekevu na taadhima naja mbele yako, kichwa kimeinama, nikiungama taksiri iliyonisibu kitambo na ambayo uzito wake sasa umenielemea." Kurasa mbili. Asubuhi nikaiweka mezani kwa Mkuu, nikasimama.

Akasoma polepole. Akainua uso wenye huruma.

"Pole sana, Bi Mejumaa. Hii taksiri, daktari amesema inatibika? Unahitaji likizo ya siku ngapi?"

"Haitibiwi, Mkuu. Hukiriwa. Taksiri ni kosa."

"Kosa la nani?"

"Langu. Ni mimi. Kobe niliwatupa mimi."

Nikamweleza yote, kopo, simu, mapengo. Nikamchorea kigae cha tatu kwenye karatasi. Alisikiliza bila kupepesa macho. Nilipofika kwenye *waachie* na *ziachie* alinizuia kwa mkono.

"Ngoja. Hebu nielewe. Unaniambia bwawa lote limeharibika kwa sababu ya ngeli?"

"Kwa sababu ya ngeli, Mkuu."

"Na ile siku, mtu wa bara ndiye alikuwa sawa?"

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. "Ndiye aliyekuwa sawa," nikasema, na sauti yangu ikawa ndogo.

Mkuu akageukia dirishani na mabega yake yakaanza kutikisika. Alijikaza, maskini, lakini mwishowe akacheka mpaka akashika meza, na karani akaja kuchungulia. Alipojifuta machozi alinipa onyo la maandishi, la haki, nami nikalitia sahihi. Kisha akafanya alichopaswa: akaandika barua ya kumsafisha Kazungu, akaenda naye mwenyewe kibandani, akaifungua kufuli mbele ya watu, akasema kwa sauti kwamba ofisi ilikosea. Baadaye Daktari wa Wanyama, ambaye sasa alikuwa makao makuu, alipelekewa habari akapiga simu kuniambia kwamba karantini walisoma "wameachiwa" wakadhani wameachiwa wao. Walitafuta siku mbili, wakaogopa, wakatia sahihi kwamba wamepokea kobe wanne wenye afya njema.

Kwa Kazungu nilikwenda mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu. Alikuwa akisafisha glasi tupu.

"Nisamehe," nikasema, maana yale marefu yalikimbia. "Ni mimi. Na samaki saba nimekuulia."

"Ulijua siku gani?"

"Siku ile ile, bwawani."

Akahesabu. Nilimwona akihesabu. "Siku ile nilipokuja barazani kwako, ulikuwa wajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia subira." Akaendelea kufuta glasi. Sikupata neno jingine kutoka kwake siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi uliofuata. Alinijibu salamu, kwa kuwa ni mtu wa adabu, lakini macho aliyapitisha juu ya kitambaa changu kichwani kama mtu anayesoma kibao cha duka la nyuma.

Miezi iliyobaki niliimaliza majini. Dema la kawaida, lile la kunasia samaki, halikuwafaa kobe bi harusi. Waliingia, wakala chambo, wakatoka. Tulikuwa tumenasa watatu tu, na mimi nimeshaanguka matopeni mara tano mbele ya kina mama, alipokuja Kazungu na mbao begani. Hakuniangalia. Alimwambia Mkuu, "Kobe hafuati chakula, afuata jua. Mpe mahali pa kuota." Akaunda chelezo, mbao nne za kuelea zenye nafasi katikati, na chini ya nafasi akafunga wavu. Kobe hupanda ubao kuota jua, akishtuka hujitupa ndani, ndani ni wavuni. Siku ya kwanza walijitupa tisa.

Tuliwatenganisha kwa mkono. Wa matope, ambao walikuwapo bado, wachache, wamejificha matetani, walirudishwa majini. Wa mstari mwekundu walitiwa kwenye mapipa. Walifika thelathini na mmoja. Nilikuwa nikidhani watapelekwa mahali. Daktari akaja, akanieleza kwa upole kwamba mahali hapana: kwao hawarudishiki, porini hawaachwi, na hakuna nyumba ya kuwafuga wote. Watachomwa sindano ya kulala. Kila mnyama ana fomu yake, na mkaguzi ndiye anayetia sahihi.

Mkuu alisema angeweza kumpa kazi hiyo mwingine. Nikakataa. Nilitia sahihi mara thelathini. Wale hawakunikosea kitu. Walifanya kazi ya kobe, kula na kuzaa, mahali nilipowaweka mimi kwa huruma ya jioni moja. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, lakini siku hiyo wino ulikuwa ukienea kwenye karatasi na Daktari alijifanya hauoni.

Fomu ya thelathini na moja ilikuwa ya yule jike wa mapengo mawili. Hiyo Daktari aliichana. Akaniandikia kibali cha kumweka kwangu kwa mafunzo, nimpeleke shuleni, watoto wamwone na wasikie kisa chake kutoka kwa mwenye kosa. Ni kazi ninayoifanya hadi leo.

Nilistaafu kwa keki, kanga mbili na hotuba ya Mkuu, ambayo ilikuwa na makosa kumi na manne ya ngeli. Ilinigusa sana. Nyinyi mnaoianza kazi hii leo mna mashine za kusoma kila kitu, na mimi siwaonei wivu ila kwa moja: mnaweza kupiga simu mara ya pili. Pigeni. Mtu akikwambia neno, mwulize ana maana gani, hata akikuuliza kama wataka aimbe. Na mkimwona mtu anamfungulia mnyama dirisha huku uso umemng'aa kwa wema, msimkaripie kama nilivyokuwa nikikaripia mimi. Kaeni naye. Nami ningependa mtu angekaa nami siku ile kivukoni.

Kibali changu hufanywa upya kila mwaka, na mwaka huu fomu ilikuja na mstari mpya: jina la atakayemchukua mnyama endapo mwenye kibali atafariki. Daktari anasema jike huyu aweza kuishi miaka kumi na mitano zaidi. Mimi sukari ninayo, na magoti nimeyamaliza bwawani. Nikampigia Saumu. Akasema, "Mama, niandikie deni, niandikie kesi ya shamba, lakini kobe la." Kaka yake hakupokea simu kabisa, nadhani aliambiwa na dadaye. Fomu ikakaa juu ya meza ya barazani wiki nzima, mstari ule mtupu.

Jumamosi iliyopita Kazungu alikuja kunitengenezea bomba la pipa la kobe, kwa kuwa Mkuu alimwomba, si mimi. Alipomaliza akaosha mikono, akaketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ile jioni ya chai. Akaiona fomu. Akaisoma yote, polepole, kisha akaomba kalamu. Nilidhani anataka kuandika vipimo vya bomba. Akaandika jina lake kamili kwenye ule mstari, na nambari ya kitambulisho, kwa kichwa.

"Baba Dama," nikasema, "si lazima."

"Walisema ni wangu wiki tatu nzima, nami nakataa," akasema, akinirudishia kalamu. "Sasa nasema mwenyewe. Hebu nitilie chai."